Maganda ya Mkaidi

Chini ya hadubini palikuwa giza tupu, na giza lile ndilo lililonitia wasiwasi.

Kuku wa sampuli alitoka Mtaa wa Tanuru, ukutani kabisa mwa kiwanda cha zamani cha kuyeyusha betri, mahali ambapo hata magugu huota yakiwa manjano. Kuku anayeishi pale hudonoa vumbi la risasi kutwa. Nilikuwa nimekata kipande chembamba cha mfuko wake wa mayai, nikakitia rangi, nikakiweka chini ya lenzi. Rangi ile kazi yake ni moja: ikikuta seli inayoliwa na kutu, inawaka kijani. Kabla ya kuku wetu mpya, Mkaidi, kuletwa, kuku wa Mtaa wa Tanuru waliwaka hadi jicho likauma. Huyu hakuwaka hata nukta.

Daktari Halfani Mpinga, mkuu wa Kituo chetu cha Mbegu za Ndege hapa Kinyamwandu, aliinama nyuma ya bega langu akacheka kwa raha.

"Umeona? Safi kabisa."

"Safi mno," nikasema.

"Yunis, wewe ukipewa asali utauliza nyuki walikufa kwa ugonjwa gani."

"Nitauliza walitua kwenye maua gani, Daktari."

Mimi ni mtu wa kushuku, silifichi. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimefumbua jicho moja tu, la pili nikiliweka akiba ya kuchungulia. Nilihamishiwa Kituoni baada ya masika kuwa mpimaji, na mpimaji asiyeshuku ni mlinzi aliyelala langoni. Kuku akiumwa mahali penye sumu, huo ni ukweli wa kawaida. Kuku akinawiri mahali penye sumu, mtu mwenye akili zake ni lazima aulize.

Risasi ni madini yenye hila. Mwilini inajifanya kalsiamu, kama vile kadmiamu inavyojifanya zinki, na mwili unaifungulia mlango bila kuuliza. Ikishaingia kwenye seli za mayai ya kuku au za mbegu za jogoo, inavuruga ule moto mdogo ambao kila seli hutumia kupikia chakula chake. Cheche zinaruka ovyo. Cheche hizo ni oksijeni iliyochachamaa: zinaunguza mafuta ya utando wa seli na kuchanachana nyuzi za urithi. Seli ina walinzi wake wa kuzima cheche, lakini risasi huwafunga mikono walinzi kwanza. Hapa Kituoni tunaiita hali hiyo kutu. Yai linakufa kabla halijawa yai. Jogoo anawika vizuri sana alfajiri, ila mbegu zake zinaogelea kama walevi wanaotafuta nyumba.

Ndivyo ilivyokuwa Kinyamwandu kwa miaka. Mji mzima uliojulikana kwa kuku wake ukawa unanunua mayai ya unga kwenye makopo. Ndipo Daktari Mpinga akatengeneza kuku mwenye kinga ya kutu, akampandikizia tangu akiwa yai, na mfuko wa mayai wa kuku huyo ukawa hausikii risasi. Karatasi za Kituo zinamwita kwa namba. Watu walimwita Mkaidi, kwa kuwa alikataa kufa, na wakawa wanatania kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, lakini huyu wetu kafaidi hata kabla ya mwezi kuandama. Jumamosi iliyokuwa inakuja, baada ya kujaribiwa hapa mjini, Mkaidi alikuwa aachiwe rasmi katika wilaya zote za ukanda wa betri.

"Swali langu ni dogo," nikamwambia Daktari. "Damu yake nimeipima, risasi imo tele. Kwenye mfuko wa mayai haimo. Ute hauna, kiini hakina, ini lina kidogo tu. Inakwenda wapi?"

"Kwenye ganda." Alijibu huku akivua koti, kama mtu aliyeulizwa choo kiko upande gani. "Kalsiamu ya kuku anayetaga yote inakimbilia ganda. Sisi tuliisindikiza risasi ifuate njia hiyohiyo, ipite bila kugusa kitu, itoke nje. Yai lenyewe linabaki safi. Ganda linatupwa. Nani anakula ganda?"

"Kuku wanakula. Watu husaga maganda wakayachanganya na pumba."

"Ndiyo maana kuna mapipa ya bluu, Yunis. Anayepewa Mkaidi anaahidi kutia maganda kwenye pipa, gari letu linapita kukusanya. Hilo tulilifikiria kabla wewe hujaja."

Lilikuwa jibu zuri. Nilipotoka nilipita uani yanapomwagwa mapipa yale, nikayagonga moja baada ya jingine. Yalilia kama madebe matupu. Mji mzima ulikuwa unakula mayai asubuhi na jioni, watoto wakipakia mayai ya kuchemsha shuleni, na maganda yaliyorudi hayakutosha kujaza karai.

Nikaanza kuyatafuta. Nilichukua pumba za kuku kutoka nyumba za mitaa mbalimbali nikazipima: hamna ganda ndani yake. Nilichokoa majalala kwa kijiti, watu wakinitazama na kunong'onezana kwamba mtaalamu kapotewa na pete. Hamna. Ganda la yai haliyeyuki kama chumvi. Kama halimo kwenye pipa, halimo kwenye pumba na halimo jalalani, basi liko mikononi mwa mtu.

*

Jumatano nilikwenda kula chakula cha mchana kwa mdogo wangu Tabea. Ameolewa nyumba ya pili kutoka mtaa wa soko, na mumewe, fundi wa umeme, hushinda kazini. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Kabla ya hiyo zilimtoka tatu, zote katika miaka ya vumbi la kiwanda, na ya mwisho tulimzika mtoto akiwa na kucha tayari. Kinyamwandu wanawake na kuku walipata msiba mmoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo nilipomwona amekaa kwenye mkeka, miguu imevimba na uso unang'aa, nilifurahi hadi nikaogopa kufurahi.

Tulikula ugali wa mtama na mlenda na mayai ya kukaanga. Tulipomaliza, alifungua kitambaa kilichofungwa fundo, akatoa kijiti cheupe urefu wa kidole, akakiuma. Kilitoa mlio wa kokoto.

"Unatafuna nini?"

"Pemba."

Niliacha kunawa. "Tabea, pemba ilipigwa marufuku. Mimi mwenyewe nilikusomea tangazo."

"Ile ilikuwa ya udongo, dada. Usinikaripie bure. Hii ni pemba nyeupe, ananitengenezea mama."

Mama hapo alikuwa mama mkwe wake wanayeishi naye, Mama Ntandu, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini ambaye hakuna mzazi mtaani asiyewahi kunywa uji wake. Na pemba ni ule udongo wa vijiti ambao wajawazito wamekuwa wakiutafuna tangu enzi za bibi zetu, kwa hamu ambayo mwanamume haelezwi akaelewa. Wataalamu waliupima, wakakuta una risasi, masoko yakafagiliwa siku moja. Marufuku iliondoa udongo. Hamu ilibaki pale pale, mdomoni.

"Anatengeneza kwa nini?" niliuliza, ingawa jibu nilikuwa nimeshalikisia.

"Maganda ya mayai. Anayachemsha, anayaanika, anayasaga, anakanda na unga wa muhogo na chumvi kidogo, halafu anabanika kwenye majivu ya moto. Kliniki walisema nahitaji kalsiamu, mama akasema kalsiamu si ndiyo hii tunayoitupa? Kichwa chake kinafanya kazi yule mama, wewe."

"Maganda ya kuku gani?"

"Ya Mkaidi, ya kuku gani tena? Majirani wote wanamletea yeye. Haya ya Mkaidi ni mazuri zaidi, yana kautamu fulani kwa mbali." Akaninyooshea kitambaa. "Onja."

Nilimnyang'anya. Sikumpokea, nilimnyang'anya, na vijiti viwili vikaanguka kwenye mkeka.

"Dada, una nini?"

"Usile tena hata kipande. Umekula kwa muda gani?"

"Tangu kichefuchefu kilipoisha." Mkono wake ulikuwa umeshakwenda tumboni. "Kuna nini? Niambie."

"Sijui bado. Nitapima kwanza. Usimwambie mtu mpaka nipime."

"Hata mama?"

"Hata mama. Nisikilize, Tabea. Usimwambie mtu."

Akaitikia kwa kichwa. Nilitoka nikiwa nimekikumbatia kile kitambaa cha vijiti kifuani, nikijiona nimeokoa.

*

Mashine ya kupima madini haina huruma wala chuki, na siku ile nilitamani ingekuwa na kimoja kati ya hivyo viwili. Nilisaga kijiti kimoja, nikakiyeyusha katika asidi, nikakipitisha. Nikadhani nimekosea. Nikasaga kingine. Mstari wa risasi ulipanda tena hadi ukagota juu, zaidi ya ule udongo tulioufagia sokoni kwa kelele nyingi. Tuliwazuia wanawake wasile sumu ya ardhini, tukawatengenezea kuku wa kuichota ardhini na kuikusanya vizuri mahali pamoja, katika kitu cheupe, kisafi, kinachosagika. Mama Ntandu alimalizia tu kazi tuliyoianza.

Niliogopa. Nilifikiria zile cheche. Mtoto tumboni hana walinzi wa kutosha wa kuzizima, na risasi iliyojifanya kalsiamu inapita kwenye kondo la nyuma bila kubisha hodi, kwenda kwenye mifupa inayojengwa na kichwa kinachojengwa.

Asubuhi ya Alhamisi nilimkuta Daktari Mpinga ofisini akijaribu hotuba yake ya Jumamosi mbele ya dirisha. Niliweka kijiti kimoja juu ya meza, kitambaa chenye vilivyobaki nimekikumbatia.

"Unakijua hiki?"

Alikitazama. Hakukishika. Mtu asiyekijua kitu hukishika, hukigeuza, hukinusa.

"Pemba nyeupe," akasema.

"Imetengenezwa kwa maganda ya Mkaidi. Nimepima mara mbili. Wajawazito wa mji huu wanaitafuna kutwa, Daktari. Mdogo wangu ameitafuna tangu miezi mitatu ya mwanzo ilipoisha."

"Pole sana." Akaketi, na kwa kweli uso wake ulikuwa na huzuni. "Tabea hajambo?"

"Sijui. Lazima tutangaze leo."

"Keti, Yunis."

"Nimesimama vizuri."

"Ukitangaza leo, unaijua sheria. Kiumbe kilichotengenezwa kikipitisha sumu kwa binadamu, kwa njia yoyote ile, Baraza la Viumbe linakiteketeza pamoja na mbegu zake zote. Kwa njia yoyote. Hawataniuliza kama yai ni safi. Wewe mwenyewe umelipima yai, ni safi au si safi?"

"Ni safi."

"Kuku mwenyewe ana kosa gani?"

"Hana."

"Kabla ya kuku huyu watoto wa hapa walikuwa na nywele nyekundu kwa utapiamlo. Hukuwaona, hukuwa hapa. Mimi niliwaona. Unataka kuwachoma kuku wote wa ukanda huu kwa sababu wanawake wanakula takataka? Nipe miezi miwili. Tukishaachia Jumamosi, tunapitisha ushauri wa usafi polepole, maganda yatiwe kwenye pipa, hatutaji sumu, hatuamshi Baraza. Na huku ndani nabadilisha njia, risasi itokee kwenye kinyesi. Miezi miwili tu."

Nakiri maneno yake yaliniingia. Yule hakuwa mwongo anayetetea tumbo lake. Aliwapenda kuku wale, na aliupenda mji huu kuliko mimi niliyekuja juzi. Nilishika mgongo wa kiti, nikakaribia kukaa.

"Na wanaotafuna katika hiyo miezi miwili?" niliuliza. "Mkeo naye ni mjamzito. Utamwambia nini?"

"Nyumbani kwangu haiingii," akasema haraka.

Kisha akatambua alichosema, na mimi nikatambua. Feni ya dari ilikuwa inazunguka na kukwaruza. Hakusema "haitaingia." Alisema haiingii, kama jambo lililokwisha kupangwa siku nyingi: mkewe kakatazwa, msichana wa kazi kaelezwa, kijiti kikionekana kinatupwa.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Yunis..."

"Ulijua tangu lini?"

"Nilishuku. Sikupima. Kushuku si kujua."

Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nilikuwa tayari kumwambia maneno ambayo mtu hamwambii mkubwa wake wa kazi. Mtu mzima, msomi, anaziba ufa wa kwake na kuacha nyumba za wenzake zianguke. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ndipo nilipokiona kile kitambaa cha vijiti nilichokuwa nimekikumbatia, nilichokichukua kwenye nyumba moja tu, nyumba ya mdogo wangu, nikiwa nimemwambia asimwambie mtu.

Nikaufunga mdomo, nikatoka. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na siku zote nilikuwa nimekagua nguo za watu wengine.

*

Mama Ntandu nilimkuta uani kwake akitwanga maganda kwenye kinu. Vumbi jeupe lilikuwa limemkaa kwenye nyusi na mikononi hadi viwikoni. Nyuma yake, kwenye ungo mkubwa, vijiti vilikuwa vimepangwa vizuri vikisubiri majivu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, vuta kigoda. Tabea amelala, mgongo unamsumbua."

Nilivuta kigoda. Nilikuwa nimepanga njiani maneno ya taratibu, ya kumwandaa, kwa kuwa yule ni mkwe na mambo ya mkwe yana adabu yake. Yote yalinikimbia.

"Mama, acha kutwanga. Maganda ya Mkaidi yana sumu. Ni ileile risasi ya udongo, ila hapa ni nyingi zaidi. Kuku anaitoa mwilini kwa njia ya ganda. Ndivyo alivyotengenezwa."

Mchi ulisimama hewani, kisha akaushusha polepole, bila kutwanga.

"Nani kasema?"

"Mimi. Nimepima."

"Mlisema udongo una sumu, tukaacha udongo. Mkatuletea kuku, mkasema huyu ni salama kabisa, kula. Tukala. Leo ganda nalo." Hakupaza sauti. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Nitajuaje kwamba kesho hutakuja kuniambia maji?"

"Huwezi kujua, mama. Lakini kweli nimepima, na nimeogopa."

Labda hilo la kuogopa ndilo lililomfikia. Alijitazama mikono, akaipangusa kwenye kanga, akaitazama tena, bado nyeupe. Alikwenda kwenye pipa la maji akanawa kwa sabuni, akarudi akaketi chini, si kwenye kigoda.

"Ndiyo maana Tabea ameacha," akasema. "Jana sikumwona akitafuna. Nikadhani hamu imekwisha."

"Ndiyo."

"Ulimwambia lini?"

"Jana mchana."

"Jana mchana." Alilirudia neno kama anayelionja. "Jana jioni alikuja Asnati, mke wa mwalimu. Mimba changa, ya kwanza, anatapika mpaka nyongo. Nikamfungia kifurushi kizima, nikamwambia hii ya bure, ya kwanza hailipiwi. Tabea alikuwa amekaa hapo hapo ulipokaa wewe."

Nilikitazama kigoda nilichokalia.

"Alimtazama akivipokea," Mama Ntandu akaendelea. "Nikaona midomo yake inacheza kama mtu anayetaka kusema. Hakusema. Nikamuuliza baadaye, mwanangu una nini, akaniambia mgongo."

"Ni mimi niliyemkataza, mama."

"Najua ni wewe. Mtoto yule hana siri, siri hiyo ni ya kupewa." Akanyanyuka kwa kusaidiwa na mchi. "Haya. Wewe nenda ukaseme unakosemea. Mimi nitapita nyumba hadi nyumba kuvirudisha. Waliovila ninawajua wote, nimewapa kwa mkono wangu."

Alianza na nyumba ya mwalimu. Nilimwona akivuka barabara bila viatu, kanga imemponyoka begani, na watu wakamsalimu bila yeye kuitika, jambo ambalo halijawahi kutokea katika mtaa ule. Nami nilirudi nikaandika taarifa kwa Baraza la Viumbe, nikaambatanisha vipimo, nikaituma kabla sijapata nafasi ya kufikiri tena. Nilijua ninaandika hukumu ya kuku wasio na kosa. Nililia wakati naandika, nikaendelea kuandika.

*

Jumamosi, siku iliyopangiwa hotuba, yalikuja malori ya Baraza. Hapakuwa na hotuba. Daktari Mpinga alisimama kwenye lango la Kituo mikono mfukoni, akitazama matenga ya kuku yakipakiwa. Mkewe alikuwa amekuja zahanati kupimwa pamoja na wenzake, lakini habari kwamba kwake pemba haikuingia zilikuwa zimeenea, na hakuna aliyesogea ampishe kwenye benchi, akabaki amesimama.

Tulipimia damu kwenye baraza ya zahanati. Wajawazito walijaa, wengine wakiwa wamekuja na kuku wao kwapani kwa sababu waliambiwa wawalete wenyewe. Kuku walikuwa wazuri, manyoya yanang'aa, macho makali. Mmoja alitaga pale pale juu ya sakafu, watu wote wakalitazama lile yai na hakuna aliyeinama kuliokota.

"Wewe ndiye unayewapima hao kuku," mama mmoja mrefu aliniambia nilipoanza kufungua sindano. "Mkatuletea, tukashukuru. Leo unawachukua. Watoto wangu nyumbani wanakula nini kesho?"

"Sijui," nikajibu.

"Hujui."

"Sijui, mama. Nimeomba chakula cha msaada, sijajibiwa."

"Na hiyo damu yetu unaipeleka wapi?"

Nilimweleza inakopelekwa, mashine gani, nani atasoma majibu, na kwamba kila mtu atasomewa ya kwake. Alisikiliza akiwa amekunja uso, kisha akataka nimwonyeshe sindano kwamba ni mpya. Nikamwonyesha. Akataka nimwonyeshe na ile ya pili. Nikamwonyesha zote, nikapasua karatasi ya kila moja mbele yao, na sikuona vibaya. Ningekuwa upande wao ningeuliza zaidi.

Tabea alifika akiwa ameshikwa mkono na Mama Ntandu, tumbo limetangulia. Tangu Alhamisi alikuwa hajazungumza nami. Nilimwita kwa jina mbele ya watu wote.

"Tabea, njoo. Kaa hapa, tuanze na wewe."

Wanawake walimtazama. Asnati, mke wa mwalimu, alikuwa mwanzoni kabisa mwa benchi, msichana mwembamba mwenye midomo mikavu, kifurushi chake, alichomwambia Mama Ntandu atakileta mwenyewe kipimwe, kikiwa kimefungwa vilevile mapajani, sikujua kama kilikuwa kimepungua au la. Tabea alimtazama yeye, akanitazama mimi. Hakuwa na hasira usoni. Ningependa angekuwa nayo.

"Mimi niliambiwa wa kwanza, dada," akasema. "Nipime wa mwisho."

Akatembea polepole hadi mwisho wa benchi, mkono kiunoni, akaketi. Mama Ntandu akaketi kando yake. Nikamgeukia Asnati, nikamwomba anipe mkono wake.